Wafu Wapole Mchana Kweupe

Fundi wa mapazia alikuwa mtu wa kujikaza kisabuni. Gego lilipoanza kumpwita, alihamishia kutafuna upande wa pili na kuendelea kupinda vitambaa vya wateja. Ikafika asubuhi shavu limevimba kama la mtu aliyeficha limau mdomoni, na mteja mmoja akamwuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Hapo ndipo alipoweka mkasi chini, akafunga duka, akaenda kwa daktari wa meno.

Chumba cha daktari kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi mbichi ilipanda ngazi pamoja na wagonjwa. Daktari alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mikono myepesi. Aliyemsaidia alikuwa mumewe, bwana mnene ambaye masharubu yake yalichungulia pembeni mwa barakoa. Alimshikia mkewe taa, akamshikia mrija wa kunyonya mate, akamshikia kila kitu isipokuwa ulimi wake mwenyewe.

"Usiogope, dada," daktari alisema, huku akimvalisha kibarakoa kidogo cha puani. "Hii hewa haikulazi, inakulegeza tu. Utatusikia, ila kwa mbali. Nikuwekee muziki gani?"

"Mkiwa nao Wafu Wapole, wekeni hao," fundi alijibu kwa upande wa mdomo ulio mzima. Alisema kwa mzaha. Hakutarajia mtu mwenye koti jeupe aijue bendi ile ya roki ya kigothi, muziki wa mavazi meusi na majonzi, yenye magitaa mazito na mwimbaji ambaye sauti yake ilionekana kutoka chini ya sakafu.

Daktari aliacha kuvaa glavu. Mumewe naye akaishusha taa. Wakatazamana.

"Kumbe huyu ni mtu wa nyumbani!" daktari alisema. Akamchoma sindano ya ganzi, akampachika kipande cha mpira katikati ya meno ili mdomo usijifunge, kisha akageukia redio iliyokuwa juu ya kabati. "Namwekea *Mchana*."

"Mke wangu, mwenzako anaumwa," mume alisema. "Usimwongezee."

Fundi alitaka kupiga kelele: msikilize bwana huyo! Lakini mpira ulikuwa umeshakaa, na kilichotoka kilikuwa "aaa-a," ambacho daktari alikipokea kama ndiyo.

Kwa miaka mingi Wafu Wapole walikuwa wameimba juu ya mvua, mishumaa na nyumba zilizohamwa. Kisha, bila kumwonya mtu, wakatoa albamu hiyo ya *Mchana*. Jalada lake lilikuwa la manjano. Mahali pa gitaa palikaa tarumbeta, watoto walisikika wakicheka kati ya wimbo na wimbo, na yule mwimbaji wa chini ya sakafu alipanda juu kwa sauti nyembamba kama mtu aliyesimama kwenye kiti kubadilisha taa. Mashabiki waligawanyika vipande. Wengine walichoma fulana zao, wengine walilia kwa furaha. Marafiki waliokuwa wakiazimana wanja waliacha hata kusalimiana.

Tarumbeta ikaanza. Fundi alifumba macho.

"Haya, niambie," alisikia masharubu yakinung'unika. "Tarumbeta hii nani aliiita? Hii ni harusi?"

"Ni asubuhi," daktari alisema. Kitu baridi kiligusa ufizi, lakini kiligusa ufizi wa mtu mwingine, mahali pengine.

"Mtu akishavaa nyeusi, amevaa. Huwezi kuamka siku moja ukatuambia tulikuwa tunatania."

Fundi alishtuka kidogo ndani ya ulegevu wake. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliwahi kuyasema hivyo hivyo, kwa ukali huo huo, zamani. Alikuwa ameyaona ya kishujaa. Sasa yakitoka kwa bwana mwenye kushika mrija wa mate yalikuwa na ujinga fulani, kama nguo yako unapoiona imevaliwa na mtu usiyemjua.

"Huzuni si sare ya shule," daktari alisema. "Ukikaa gizani muda mrefu, siku ukifungua dirisha macho yanakuuma. Basi albamu hii ni yale macho. Nani alikwambia wanafurahi? Wanaumia, ila wanaumia kwenye mwanga."

"Maneno mazuri. Tarumbeta bado mbaya."

Dari lilikuwa limeanza kwenda. Lilienda polepole, kama maziwa yanayomwagika, na taa ikawa jua dogo la mviringo lisilochoma. Fundi alijiona akipanda kulielekea akiwa amelala vile vile, mikono tumboni, na alipofika juu alikuta chumba cha kulala cha utotoni kikimngoja.

Kila kitu kilikuwa mahali pake. Vitanda viwili. Kaseti zimepangwa ukutani. Dirisha ambalo yeye na mdogo wake wa kike walilipaka kiwi nyeusi ya viatu, kioo kwa kioo, mpaka chumba kikawa na jioni yake siku nzima. Mama alipoliona alikaa kitako sakafuni. Ni yeye aliyewapa majina, baada ya kukuta mashuka yake meupe yametiwa rangi nyeusi kwenye sufuria: mkubwa Popo, mdogo Kunguru. "Nimezaa ndege wa msiba," aliwaambia majirani, na mtu aliyemsahihisha kwamba popo si ndege alifukuzwa uani.

Humo chumbani tarumbeta ilikuwa ikilia. Kunguru alikuwa amepiga magoti kitandani akikwangua kiwi kwa mgongo wa kijiko. Mwanga uliingia kwa michirizi.

"Njoo uone, Popo. Jirani ameanika mashuka ya bluu. Upepo umeyajaza."

Fundi aliijua siku hiyo. Alijua kinachofuata: angesema ya mtu akishavaa nyeusi amevaa, angemwita mdogo wake msaliti, angeushika waya wa redio auchomoe ukutani katikati ya wimbo. Aliungoja mkono wake ufanye hivyo. Haukufanya. Ulikuwa umelegea juu ya tumbo lake, mbali sana, kwenye kiti cha daktari, na mdomo ulikuwa na mpira. Hakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

Siku ile alikuwa ametazama dirisha tu. Sasa alimtazama mdogo wake. Kila wimbo ulipoisha aligeuka, akamwangalia dada yake, akafungua mdomo, kisha akaufunga na kurudi kukwangua, kama mtu anayehesabu kabla ya kuruka maji.

Tarumbeta ilinyamaza. Ukaanza wimbo ambao fundi hakuwahi kuufikia.

Haukuwa na mambo mengi. Ngoma moja ikipigwa kwa mbali, kama mtu anakung'uta zulia nyumba ya tatu. Mwimbaji aliacha kujipandisha, akaimba kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, ambaye hajaamua kama leo ataongea. Wimbo ulizunguka, ukazunguka, haukuwa na haraka ya kwenda popote. Mashuka ya bluu yalijaa upepo nje ya dirisha. Fundi alisikia machozi yakishuka kuelekea masikioni, ya uvuguvugu, naye hakuyaonea haya.

"Huu, sawa," masharubu yalisema kwa upole. "Huu mmoja."

"Kila mara unasema hivyo."

"Na kila mara nasema ukweli. Mpanguse, analia."

"Analia kwa sababu nimeshalitoa. Tazama hili gego, mizizi kama ya muhogo!"

Walimkalisha kwenye benchi la nje, pamba mdomoni, wakamwamuru akae kimya mpaka damu ikate. Jua la adhuhuri lilianguka kwenye mapaja yake. Kichwa bado kilikuwa chepesi, na wepesi huo ndio uliomfanya atoe simu na kumpigia mdogo wake bila kujipanga. Kunguru aliishi mji wa mbali. Alikuwa ameondoka muda mfupi baada ya siku ile ya kijiko, na tangu hapo walizungumza kila wiki: shinikizo la damu la mama, mvua, bei ya vitambaa, watoto kukohoa. Muziki hawakuugusa tena, kama vile nyumbani kungekuwa na chumba kilichofungwa na kila mtu akapita mlangoni akitazama pembeni.

"Kuguu," fundi alisema. "Ni 'imi. Fofo."

"Nani?"

"Fofo!"

"Popo? Umelewa?"

"Nimeng'olewa jino." Ilimchukua majaribio kadhaa. Kisha, akivuta kila neno kama uzi mgumu kwenye tundu la sindano: "Nimesikiliza *Mchana*. Mpaka mwisho."

Upande wa pili kijiko au sahani iliwekwa chini.

"Siku ile," Kunguru alisema, "nilikuwa nimeshapata kazi huku. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda. Nilijiambia, ukiisha wimbo wa mwisho nitamwambia. Ukachomoa waya."

"Mbona hukusema baadaye?"

"Ulikuwa umeniita msaliti kwa sababu ya dirisha. Ningekwambia nahama, ungeniitaje?"

Fundi alibonyeza pamba kwa ulimi usiohisi kitu. "Nisamehe, mdogo wangu," alisema, na safari hii maneno yalitoka yakiwa na herufi zake zote.

"Nilishasamehe. Nilichoka tu kuongea habari za vitambaa." Kunguru alivuta kamasi, kisha akacheka. "Sasa umeonaje?"

"Tarumbeta ni takataka. Nakufa na msimamo wangu. Lakini ule wa mwisho... ule mzuri. Nilielewa kwa nini uliungoja."

"Ule? Popo, ule ndio mbaya kuliko zote! Unalaza watu! Niliuchagua kwa sababu ni mrefu. Nilitaka muda wa kujipa moyo."

"Unasema nini wewe?"

"Mtu anakung'uta mazulia, unaita wimbo?"

Mlango wa chumba ulifunguka, masharubu yakatokeza. Barakoa ilikuwa kidevuni. "Dada, tumesema usiongee."

"Mdogo wangu anasema wimbo wa mwisho ni mbaya," fundi alisema.

Bwana yule aliduwaa, akaja kukaa kwenye benchi pembeni yake, akainamia simu. "Salamu za mbali, mama. Hayo uliyoyasema yafute."

"Huyo ni nani?" Kunguru aliuliza.

"Mume wa daktari. Anaichukia albamu yote isipokuwa huo."

"Na mimi naipenda yote isipokuwa huo," Kunguru alisema. "Mpe simu mkewe."

Daktari alikuwa tayari amesimama mlangoni, akivua glavu. Ganzi ilikuwa ikianza kuondoka shavuni mwa fundi, na nyuma yake maumivu yalikuja taratibu, yakipwita kama ngoma. Alijua ingefaa arudi nyumbani akalale. Aliongeza sauti ya simu, akaiweka katikati ya benchi ili wote wasikie, akamsogelea yule bwana kumpa daktari nafasi ya kukaa.