Homa Aliyokuja Nayo Yusto

Mimi nina mdomo, sikatai. Mtaa mzima wa Ramadhani unajua kwamba ukinichokoza asubuhi utajibiwa mpaka jioni. Ndiyo maana Uviko ulipoingia, na sisi wahudumu wa afya ya jamii tukatumwa kupita nyumba kwa nyumba kuhamasisha chanjo, niliwashinda wenzangu wote. Wao walikuwa wanabembeleza. Mimi nilikuwa nagomba. "Umezaa watano, wote wamechanjwa, hakuna aliyeota mkia. Leo unaogopa nini?" Watu walicheka, wakaenda kuchanja.

Aliyenishinda ni jirani yangu, Mama Brayson mwenye genge la mboga. Dozi ya nyongeza ilipokuja, Julai 2022, akapata la kusema. "Mama Judith, waliochoma Janssen sasa mnawachoma Pfizer? Hata pombe ya ulanzi ya jana haichanganywi na ya leo, mtu akabaki salama." Nikamwambia wataalamu wameruhusu, homa na maumivu ya mkono ni siku mbili tatu, basi. Nikaongeza kwamba yeye mwenyewe ameshabadilisha waume wawili na bado anadunda. Tulinuniana wiki nzima.

Mdogo wangu Yusto alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alikuwa akiwafuata Manda, kule chini ziwani, na kuja kuwauza Makambako, alikopanga chumba. Tumezaliwa wawili tu kwa mama yetu, ambaye anaishi Kifanya. Nikampigia simu.

"Yusto, kachanje dozi ya nyongeza. Usiniaibishe."

"Dada, si nilishachoma Janssen mwaka jana? Nyie mmezoea kutoboa watu."

"Kachanje!"

Jumatatu akaenda, akachomwa Pfizer. Jumanne jioni akashuka kwangu Njombe kajifunika blanketi mpaka masikioni. "Dada, dozi yako imenipata," akasema. Nikacheka, tena kwa sauti. Nikampa panadol na chai ya tangawizi, nikamlaza chumba cha binti yangu Judith. Alikuwa anatetemeka, lakini mwezi wa saba Njombe nani hatetemeki? Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu.

Jumatano ikawa hivyohivyo. Alhamisi mchana homa ikashuka, akala kande, akanitania kwamba napika kama nimelazimishwa. Nikajisifu moyoni: siku tatu, kama tulivyofundishwa. Jioni homa ikarudi, na safari hii ilikuwa kali kuliko ile ya mwanzo.

Ijumaa akaniambia, "Dada, twende zahanati. Hii siielewi. Kichwa kinapasuka."

Zahanati haiko mbali na kwangu, ila njia inapita mbele ya genge la Mama Brayson. Nilimwona kabisa atakavyoshika kiuno na kuita wenzake waje kutazama. Nilikuwa na watu thelathini waliokubali kuchanja Jumatatu inayofuata, nimewagombeza mmoja mmoja mpaka wakakubali. Wakimwona ndugu yangu anakokotwa, nani angenifungulia mlango tena?

"Ni chanjo tu," nikamwambia. "Umechanganya aina mbili, mwili unabishana nazo. Vumilia mpaka kesho."

Mama Brayson akaniuliza mbona hamwoni mgeni wangu. Nikamwambia amesharudi Makambako. Kisha nikafunga mlango wa uani kwa komeo.

Yusto alinitii. Tangu utoto alikuwa ananitii, mjinga yule, na mimi nilipenda anavyonitii.

Jumamosi alfajiri mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yamekuwa ya njano, na mimi alikuwa ananiita mama. Nikapiga yowe. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Brayson, na kanga kaifunga vibaya kwa haraka. Akamshika miguu, mimi mabega, tukampakia kwenye bajaji. Nilisubiri aseme neno lake. Yeye akawa anampangusa Yusto jasho njia nzima.

Hospitali tulipokelewa na daktari kijana, mpole.

"Ameanza lini?"

"Jumanne. Ni chanjo, daktari. Amechanganya Janssen na Pfizer."

"Wiki mbili tatu hizi alikuwa wapi?"

"Makambako."

"Na kabla ya hapo?"

"Manda, alifuata dagaa."

Akaacha kuandika. "Alipimwa malaria?"

Jamani! Huku kwetu ni baridi, mtu akipata homa tunawaza mafua, tunawaza nimonia. Malaria tunaiona ni ugonjwa wa watu wa huko chini kwenye joto. Lakini mimi si mtu wa kujitetea hivyo. Nimekaa semina ya malaria siku mbili, nikapewa na begi.

Baada ya robo saa majibu yakatoka. Daktari akanieleza taratibu kwamba homa ya sindano, kama alikuwa nayo, ilikwisha zamani. Hii ilikuwa malaria, imepanda kichwani, na figo zimegoma. Angeletwa hata juzi, alisema, halafu akajikatiza mwenyewe akaenda kuangalia dripu.

Nikasimama kando ya kitanda. Mimi mwenye mdomo sikuwa na wa kugombana naye. Nilimsugua nyayo. Nilisali Salamu Maria nikawa nayachanganya maneno, naanza upya, nayachanganya tena. Nikamwinamia sikioni: "Yusto, amka, nikupeleke zahanati." Nilijua ninaongea upuuzi. Jumapili, saa nne asubuhi, akafariki.

Tulimzika Kifanya. Kila aliyeingia msibani alitusalimia "kamwene", akakaa, akaanza habari ya chanjo zilizochanganywa. Nikashindwa kuvumilia, nikasema ni malaria, daktari amepima. Mjomba Polikarpo akageuka. "Malaria si ina dawa? Siku zote hizo alikuwa wapi?" Nikakaa chini.

Siku ya tatu mama akaniita jikoni. Akanikalisha kwenye kigoda chake, yeye akachuchumaa. Akanishika mkono.

"Doro, mwanangu, nasikia wanakusema kwa kuwa ulimwambia akachanje. Usiwasikilize. Ulimuuguza kwa mikono yako siku zote zile. Ile michanganyo ndiyo iliyomuua. Hata ungemkimbiza hospitali siku ileile, kuna ambacho kingefanyika?"

Alinitazama, anasubiri. Nilijua nikisema kweli, leo hii atapoteza na mtoto wa pili.

"Hakuna, mama," nikasema.

Akashusha pumzi, akaniachia mkono, akachochea moto. Alisema kesho jumuiya inasali kwake, na atawaambia wenzake wote wasikubali sindano yoyote tena, hata ya wajukuu. Sikumkataza.