Kamba ya Kichwani

Bibi yangu Effie alizaliwa Buckie, Uskoti, akafa Bluff, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, akiwa na miaka tisini na mmoja. Katikati ya hapo alilalamika kila siku kwamba chai ya huku haina nguvu. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku zilizofuata watu walizungumza kana kwamba sikuwepo.

Katika ukoo wetu jeneza halishushwi kwa mashine. Hushushwa kwa kamba nane, na kila kamba ina mwenyewe, aliyepewa kadi yenye namba. Namba moja ni ya kichwani, ya mtu wa karibu kuliko wote. Namba mbili ni ya miguuni. Na wenye kadi, tangu wazee wetu walipoteremka melini, ni wanaume. Wanawake hubaki nyumbani kupaka mikate siagi.

Bibi naye alibaki nyumbani mwaka wa hamsini na moja, alipozikwa babu yangu Dod. Hakumwona mumewe akiingia ardhini. "Nimelala naye miaka thelathini na moja," aliniambia, "halafu kamba yake akaishika fundi bomba!" Akacheka peke yake.

Mama yangu alikufa nikiwa na miaka minne, na Bibi akanilea kwa mshahara wa banda la chaza. Asubuhi alijifunga vidole kwa vipande vya gunia la unga, kama alivyofanya usichanani akipasua samaki bandarini kwao, akasimama kutwa nzima kufungua chaza kwa kisu. Jioni alininyooshea mikono, nami nikamfungua vile vitambaa, kidole kimoja kimoja, polepole, maana vilikuwa vimegandamana na damu.

Majira ya baridi ya mwisho akaniuliza, "Rhona, utanishika kichwani?"

"Nitakushika, Bibi."

"Usiniangushe. Wattie atakuletea habari za desturi. Mwambie desturi nilizifunga sandukuni mimi mwenyewe, na mimi ndiye ninayejua ipi ilifika huku imeoza."

Wattie ni mjomba wangu, mtoto pekee wa Bibi aliyebaki hai. Kesho yake baada ya kifo aliketi jikoni akapanga kadi nane mezani. Jina langu halikuwemo.

"Namba moja ni nani?" nikauliza.

"Ni mimi. Ulitaka nani? Mimi ndiye mwanawe."

"Aliniomba mimi."

"Mama alikuwa mgonjwa, Rhona. Wagonjwa husema mengi."

"Akili zake zilikuwa timamu. Juzi tu amekuita bahili, tena kwa jina lako kamili."

Hakucheka. "Wanawake hawashiki kamba. Watu watasema nini?"

Hapo nikapandwa na hasira. "Hao watu walikuwa wapi nilipokuwa naishikilia ile shingo juu ya beseni? Miaka mitatu, Mjomba! Nimekiinua kile kichwa kwa uji, kwa dawa, kwa kitana. Leo ndiyo kimekuwa kizito kwangu?"

Akazikusanya kadi zake, akatoka bila kuaga. Si mtu mbaya. Alikuja kila Jumapili, akasimama mlangoni na kofia mkononi, kwa kuwa hakuweza kumtazama mama yake alivyokonda. Lakini siku ile nilimchukia. Nilipaka mikate siagi huku nalia, na nilichokililia zaidi ni kwamba nilikuwa nimemwahidi.

Siku ya mazishi niliacha mikate mezani nikaenda makaburini, bila kadi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Upepo wa baharini ulikuwa mkali. Msimamizi wa mazishi akaita, "Namba moja!" Hakuna aliyesogea. Nikamtafuta Mjomba kwa macho. Alikuwa amesimama upande wa miguuni, kamba ya pili tayari mkononi.

"Si uende," akasema bila kunitazama. "Watu wanaganda kwa baridi."

Nikaishika. Nilijiandaa kwa uzito, lakini Bibi alikuwa mwepesi, mwepesi mno, na hilo ndilo lililonivunja. Tukamshusha taratibu, mikono yangu ikimfuata, mpaka kamba ikalegea. Ndipo wale wanaume, mmoja baada ya mwingine, wakafumbua mikono na kuziachia kamba zao zidondoke kaburini.

"Shikeni!" nikapiga kelele. "Mbona mnamwachia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Bibi hakulijua, wala mama yake. Nani angetuambia sisi wa jikoni kwamba kamba haishikwi tu, mwishowe huachiwa? Kamba saba zilikuwa chini, yangu nimeizungusha kiganjani mara mbili. Mchungaji akakohoa.

Mjomba akalizunguka kaburi, akaja kusimama kando yangu. "Amefika, mwanangu," akasema. "Hukumwangusha. Mwachie sasa."

"Siwezi, Mjomba."

"Najua."

Akaushika mkono wangu, akaanza kunifungua vidole, kimoja kimoja, polepole.