Zimwi la Zuhura Lilipoinua Mikono

Mume wangu Lyle ni mrefu wa kugonga kichwa kila mlangoni, na kwa sababu hiyo tu aliajiriwa kuwa zimwi. Kuigiza hajui, tusidanganyane. Lakini mwaka ule wa hamsini na saba, Warusi walipokwisha kurusha kile kimpira chao cha kuzunguka dunia, kila mwenye kamera hapa California alitaka filamu ya viumbe kutoka angani, na viumbe wa angani lazima wawe warefu. Nani aliamua hivyo, sijui.

Mwajiri wetu alikuwa Bernie Koslow. Filamu yake, uongozaji wake, na hata mikate ya jibini ya mchana aliipaka mwenyewe. Mimi nilikuwa fundi wake wa mavazi. Zimwi lake, la kutoka sayari ya Zuhura, nililishonea jikoni kwangu: mwili wa godoro la sponji, kucha za reki ya bustani, macho vichujio viwili vya chai. Kichwa cha zimwi kilikaa juu ya kichwa cha Lyle, naye akachungulia kwenye kitundu cha wavu shingoni. Humo ndani aliona kwa shida, na kusikia ndiyo hakusikia kabisa. Zipu ilikatika siku ya kwanza. Bernie akasema zipu ya nini na sindano ipo? Basi kila asubuhi nikawa namshonea mume wangu ndani ya zimwi, mgongoni mpaka shingoni, na wakati wa kula namfumua kwa mkasi.

"Siku ukinikasirikia utaniacha humu," Lyle alikuwa akinitania.

"Endelea kukoroma, uone," namjibu.

Kwa ajili ya kipande cha mwisho tulikwenda Cinder Wells, kimji cha jangwani chenye barabara moja. Bernie alisema ameshaongea na wenyeji: zimwi litatoka nyuma ya kanisa, litatembea mpaka posta, nao watakimbia. Mimi, Bernie na mpiga picha tulijificha na kamera ndani ya lori la kubebea samani. Nikauliza tunajificha nini.

"Wakiiona kamera wataikodolea macho, Verna. Watu wa huku hao."

Nikaona ni kweli.

Saa sita mchana, jua linachoma, Lyle akajitokeza. Lo! Jamani, watu walikimbia! Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake nyuma yake ana povu nusu ya uso. Bibi mmoja alipiga magoti katikati ya barabara akaanza kusali kwa sauti. Mimi ndani ya lori nacheka mpaka machozi.

"Hawa wanawashinda waigizaji wako wote," nikamnong'oneza Bernie.

Kisha mama mmoja kijana akatimua mbio, akaacha kigari cha mtoto na mtoto yumo ndani. Alipofika mbele akakumbuka. Akarudi huku analia, akamnyakua mwanawe kwa mguu mmoja, kichwa chini, akakimbia naye. Kicheko kikanikauka. Hakuna mama wa kumbeba mtoto namna ile kwa ajili ya filamu.

"Bernie, uliwaambia hawa watu?"

"Shh. Tunanasa sauti."

"Nakuuliza, uliwaambia?"

"Mtu ukimwambia aogope, ataogopa vile?" Hata kunitazama hakunitazama. "Ona nyuso zile, dada. Zile huwezi kuzifundisha."

Tangu Oktoba redio ilikuwa haina habari nyingine ila Warusi na anga, Warusi na anga. Watu wale walikuwa wanalala na hofu hiyo na kuamka nayo, na huko jangwani hakuna duka lisilo na bunduki nyuma ya mlango.

Na kweli, mzee akatoka kwenye duka la misumari, aproni kiunoni, bunduki mkononi. Yeye hakukimbia. Alipiga goti moja taratibu kama mwindaji, akaweka kitako cha bunduki begani.

"Simamisha!" nikamwambia Bernie. "Simamisha, atamuua!"

"Sekunde moja tu."

Sekunde moja! Ya mume wa nani?

Lyle alikuwa ameshaiona bunduki kupitia ule wavu. Akafanya jambo ambalo binadamu yeyote angefanya, akainua mikono juu kujisalimisha. Mungu wangu! Mikono yenyewe ndiyo ile yenye kucha za reki, na kuinua mikono ndiyo ishara Bernie aliyomfundisha ya zimwi kushambulia. Kadiri alivyojisalimisha ndivyo alivyozidi kutisha. Akashika kile kichwa akijaribu kukivua ili waone ni mtu. Hakikutoka. Asubuhi ile nilikuwa nimetia uzi mara mbili, maana jana yake ulikatika nikasemwa. Nilimwona mume wangu akivuta na kuvuta, na mshono wangu haukuachia.

Niliruka kutoka lorini na mkasi mkononi. Kilichonitoka kinywani sikukijua, hakikuwa jina wala neno. Bunduki ikalia. Zimwi likaanguka chali.

Nilimfikia, nikakata sponji, nikakata uzi, nikajikata na vidole. Katikati ya vile vichujio vya chai palikuwa na tundu linalofuka moshi. Chini yake, uso wa Lyle, mwekundu, umelowa jasho, macho wazi.

"Verna," akasema, "amenipata?"

"Hajakupata, mjinga wewe!" Nililia huku nampiga kifuani.

Yule mzee alikuja akamwona mtu anatoka ndani ya godoro. Bunduki ikamponyoka.

"Nililenga kichwa," akasema. "Nilitaka kulenga kifua." Akaketi palepale barabarani.

Bernie akaja mbio. Hakumuuliza Lyle hali. Alimgeukia mpiga picha.

"Umepata?"

"Yote."

Nilimzaba kofi lililosikika mpaka posta.

Lakini Lyle, yeye mle ndani hakusikia kitu. Kwake yalikuwa mambo ya kushtuka, kuanguka, na kuniona. Akawa anawasimulia majirani kama kichekesho, na Bernie alipompigia simu kwa filamu nyingine, akakubali! Tulikosana wiki nzima. "Unakuza mambo, mke wangu," anasema. "Si nipo hapa?"

Jumamosi filamu ilipotoka alinipeleka kuiona mchana, ukumbi umejaa watoto na bisi. Zimwi likainua mikono. Kisha likaja lile yowe langu, Bernie hakulipunguza hata kidogo.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Huyo mama hata kupiga kelele hajui!" mtoto mmoja nyuma yetu akasema, akaliiga, na wenzake wakaliiga.

Lyle hakucheka. Mkono wake ulibaki ndani ya mfuko wa bisi, hautoki. Akanigeukia.

"Verna. Yule ni wewe?"

"Ni mimi."

Nyuma yetu watoto walikuwa bado wanapiga yowe langu, mmoja baada ya mwingine, wakishindana. Lyle aliweka bisi chini ya kiti, akasimama, akagonga kichwa mlangoni kama kawaida, akaenda kumpigia simu Bernie atafute zimwi jingine.