Sindano Aliyoichagua Fundi Sauti

Dukani kulikuwa na mashine tatu za kuchezea santuri, na tangu mlangoni Fundi Sauti alijua anatafuta ipi. Alitaka mbovu kuliko zote.

Jina hilo alipewa studio, alikofanya kazi ya kurekodi watu mpaka akastaafu. Leo binti yake wa pekee alikuwa amemleta amchagulie mashine, na furaha ya binti huyo, jamani, ingemtoa mtu machozi. Akipanga kabati la baba yake alikuta santuri imefungwa ndani ya shuka. Mama yake alirekodiwa mle akiwa mgonjwa, binti akiwa bado ananyonya. Sauti ya mama yake hakuikumbuka hata kidogo.

Fundi naye hakuwahi kuisikiliza. Aliogopa. Mkewe alipokuwa kitandani anakwisha, yeye alikuwa na mwanamke mwingine, na mkewe alijua. Mama wa watu akamwomba mfanyakazi mwenzake Fundi pale studio amrekodi, kisha akamwambia mumewe, "Nimemwachia mtoto maneno yake." Maneno gani, kama si ya yule mwanamke? Miaka yote hiyo Fundi amelala na ile santuri kabatini kama mtu aliyefungiwa chumba kimoja na nyoka.

"Chukueni hii," muuzaji alisema, akigusa mashine ya katikati. "Mkono wake wa sindano mwepesi, na uzito unaurekebisha hapa nyuma. Santuri kama hiyo yenu, ya kurekodiwa moja tu, isiyo na nakala, ni laini mno. Inataka adabu."

Fundi akajitia hamnazo. Akaiinamia ile ya pembeni, ya sanduku jekundu, akapitisha kidole chini ya sindano. Ikamkwaruza, ncha ilikuwa imevunjika. Na mkono wake, lo, mzito kama nyundo.

"Hii hapa."

"Mzee, hiyo ni ya pambo! Inakula santuri, hiyo. Hata sindano sijaibadilisha."

"Kijana, kazi hii nimeifanya wewe hujazaliwa."

Binti akacheka, akamshika baba yake begani. "Kaka, utabishana na Fundi Sauti? Nimemleta makusudi. Baba akisema hii, ni hii."

Bado Fundi angeweza kusema neno. Akatoa pesa akalipa, mwanamume yule!

Nyumbani, binti alifunga madirisha ya sebule, akazima feni, akakaa sakafuni amekumbatia magoti. Fundi akapiga moyo konde, akashusha mkono wa mashine. Palepale nyuzi nyeusi zikaanza kujikunja mbele ya sindano. Ngozi ya santuri ilikuwa inachunika. Mkwaruzo ukajaa chumba kizima. Alisimama akisubiri kumsikia yule mwanamke akitajwa.

Sauti ikatokea ndani ya mkwaruzo, dhaifu, inacheka.

"Mwanangu, mimi ni mama yako. Baba yako..."

Fundi akamtazama binti yake.

"...baba yako hajui kusuka nywele, mvumilie. Akikosea mcheke tu. Ukikosa usingizi mwambie akuimbie. Sauti anayo, ila anaona haya."

Kisha akaanza kuimba, taratibu, wimbo wa kumbembeleza mtoto.

Fundi aliruka, akaunyanyua mkono wa mashine. Kwenye ncha ya sindano kulining'inia kifundo cha nyuzi nyeusi.

"Mbona umeitoa, baba?" Binti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ndiyo kwanza anaanza kuimba! Basi irudishe mwanzo. Pale aliposema yeye ni mama yangu sikusikia vizuri."

"Mwanangu, tuiache."

"Irudishe, bwana! Wewe si ndiye fundi?"

Akairudisha. Ulitoka mvumo mtupu. Binti akasogeza sikio kwenye spika, akainua kidole kumnyamazisha baba yake, akangoja mama aseme.