Wakfu wa Mkinduni

Bi Kulthum binti Salmin alivikuta vigingi vitatu vimechomekwa kwenye njia ya kisimani, kila kimoja kimefungwa kitambaa chekundu. Alikuwa ametoka kwake Shella asubuhi na kisu cha kukatia ukindu, kama alivyokuwa akifanya tangu usichana wake. Kando ya njia aliketi Dorcas, mkaza mwanawe mzee Mramba wa kijiji cha jirani, na mtungi wake mtupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukuteka maji?"

"Kuna mlinzi kisimani. Asema shamba limeuzwa, tutafute maji kwingine."

"Limeuzwa na nani?"

Dorcas aliinamisha macho. "Asema ni bwana Taib."

Taib alikuwa nduguye Kulthum wa tumbo moja, mdogo wake kwa miaka sita. Mama yao alipofariki, Kulthum ndiye aliyemlea, akamchanjia kuni za uji wake na kumpeleka chuoni kusoma Kurani. Aligeuza njia palepale bila kukata hata kuti moja.

Mkinduni palikuwa bonde dogo lenye unyevu, baina ya minazi ya baba yao na ufuo wa bahari. Marehemu Salmin alichimba kisima pale na hakukiwekea mlango. Wanawake wa Shella walikata ukindu wa mikeka yao humo. Wagiriama wa kijiji cha mzee Mramba walipitia humo kwenda ufuoni kuchemsha chumvi. Wake wa Wahindi wenye maduka nao walipita na sinia za maua siku zao za ibada, wakaoge baharini mbali na macho ya wanaume wa bandarini. Salmin na Mramba walikuwa wamepatana zamani: kila shina likatwe kuti changa moja, linalofuata liachwe, na mwaka huu upande wa kusini upumzike, mwaka wa pili wa kaskazini. Hapakuandikwa neno, lakini mikindu ilistawi miaka thelathini.

Mwaka ule wa 1911 serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mwenye ardhi aje aiandikishe, na isiyodaiwa itakuwa mali ya serikali.

Kulthum alimkuta Taib barazani kwake, anakunywa kahawa.

"Sijaliuza bado, dada," Taib alisema kabla hajaulizwa. "Nimetoa ahadi tu. Kuna Mzungu ataka kupanda miti ya mpira, na ataka mpaka mchangani. Pale pana nini? Miiba na vyura."

"Pana maji, Taib. Na watu wake."

"Watu hao hawana hati. Nisipoliandikisha mimi, serikali italichukua na kumuuzia Mzungu huyohuyo. Hapo ndipo utakapofurahi?"

Kulthum alirudi nyumbani, na lililomuuma ni kwamba aliyoyasema nduguye yalikuwa kweli. Siku tatu hakuweza kusuka. Alikuwa akishika miyaa na kuiweka, akiwaza wale wanawake na mitungi yao, akimwaza na Taib alipokuwa mdogo, asiyekula mpaka alishwe kwa mkono wake. Siku ya nne alikumbuka jambo ambalo wote wawili walikuwa wameliacha lilale: tangu baba yao afariki, miaka tisa, mirathi haikugawanywa. Alivaa buibui lake, akaenda kwa kadhi.

Mji ulisema mengi. Dada kumshitaki nduguye! Na Taib alipofika mbele ya kadhi alikuwa amekunja uso, hakumtolea hata salamu.

"Sheria ni wazi," alisema kadhi. "Mwana mume mafungu mawili, mwana mke moja. Binti Salmin, wataka fungu lako la minazi?"

"Sitaki hata mnazi mmoja, sheikh. Minazi yote na iwe yake. Mimi nipe Mkinduni."

Kadhi aliweka kalamu chini. Minazi ile ilikuwa mia tatu na zaidi, na mjane huyu hakuwa na mtoto wa kumtunza. "Umefikiri vizuri, mama? Utakula nini?"

"Nitasuka mikeka."

Taib aliruka. "Na ahadi yangu kwa Mzungu?"

Walibishana mpaka adhuhuri. Taib alijua kwamba shamba lenye mgogoro halitaandikwa, na siku za kuandikisha zilikuwa zinakwisha. Mwishowe walipatana: kipande cha kaskazini kilicho kikavu, nje ya bonde, kiwe cha Taib pamoja na minazi yote; kisima, njia na bonde la ukindu viwe vya Kulthum. Taib alitia saini, akatoka. Kulthum alibaki amekaa mpaka kadhi akaagiza aletewe maji.

Likabaki jambo la serikali. Bwana wa ardhi, mwenye kuandikisha, alikuja Mkinduni mwenyewe pamoja na karani wake, akatazama huku na huku.

"Bwana asema hili ni pori," karani alitafsiri. "Haoni shamba. Ardhi isiyotumiwa haiandikwi kwa mtu."

Hapo mzee Mramba, aliyekuwa amekuja na watu ishirini wa kijijini kwake, akasogea mbele. Alimshika karani mkono, akampeleka kwenye shina la mkindu, akamwekea kidole kwenye kovu. "Hapa palikatwa." Akakipandisha. "Hapa pakaachwa. Hapa pakakatwa. Hesabu mwenyewe." Akampeleka kwenye shina la pili, na la tatu, na la nne. Bwana wa ardhi akawafuata, kisha akainama naye akawa anahesabu kwa kidole, kofia mkononi.

"Nani mwingine awezaye kushuhudia?" karani aliuliza.

Akajitokeza Jasumati, mkewe Gokaldas mwenye duka la nguo. Mumewe alikuwa rafiki mkubwa wa Taib na alikataa kuja. Yeye alikuja, ushungi umemfunika hadi kwenye nyusi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimepita hapa miaka kumi na minne. Mzee Salmin alitufagilia njia siku zetu za ibada. Mwenyewe, kwa fagio."

Kulthum hakuwa akilijua hilo. Machozi yalimtoka ndani ya buibui, akashukuru kwamba hakuna aliyeyaona.

"Bwana asema basi, liandikwe kwa jina la mjane," karani alitafsiri.

"La," alisema Kulthum. "Liandikwe wakfu, lisiuzwe milele. La kila mwenye kupita."

"Kila nani? Waislamu?"

"Baba alichimba kisima bila mlango. Mimi ni nani niuweke?"

Karani aliandika.

Mzungu alizungushia seng'enge kipande kile cha kaskazini alichouziwa na Taib mwaka uleule, na vichaka vya huko vikafyekwa. Kulthum aliyasikia mashoka akiwa nyumbani kwake, na nusu ya furaha yake ikaondoka. Taib hakukanyaga kwake mwaka mzima. Siku ya Idi ndipo alipotuma sahani ya halua kwa mkono wa mkewe, bila ujumbe. Kulthum alikula kipande, akairudisha sahani na mkeka mpya uliokunjwa juu yake.

Maisha yalikuwa magumu kuliko alivyomwambia kadhi. Ilimbidi asuke mpaka vidole vipasuke. Asubuhi moja, akiwa na haraka ya kumaliza mkeka wa arusi, aliingia upande wa kusini, ambapo makuti yalikuwa marefu na laini, akainua kisu.

"Bibi!" Dorcas alisimama njiani, mtungi umejaa kichwani. "Shikamoo. Huko kumepumzishwa."

Kulthum alitaka kusema kwamba bonde hili lilikuwa fungu lake, kwamba alitoa minazi mia na zaidi kwa ajili yake. Neno lilimfika ulimini. Alimtazama yule mwanamke kijana, aliyekuwa amesimama pale kwa adabu lakini hasogei, na kifua chake kikapata wepesi ambao hakuwa ameupata tangu siku ya vigingi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umesema kweli. Nionyeshe wapi nikate."

Dorcas alitua mtungi wake, wakashika njia ya upande wa pili pamoja.