Alasiri na Bibi

Ofisini walimwita Kasuku, kwa sababu hakuna aliyeweza kusifia safari kama yeye. Mteja akiketi tu, Kasuku alimgeuzia kioo cha kompyuta na kuanza: hoteli hii ina bwawa, ile ina upepo mwanana, na mwongozaji wa huku anajua kila ndege kwa jina lake. Hoteli zenyewe hakuwahi kuzikanyaga. Ndivyo kazi ilivyokwenda. Mwenye vitanda alimuuzia muuzaji wa jumla, huyo akafunga vitanda, magari na matembezi kuwa kifurushi kimoja, kisha akakisambaza kwenye ofisi ndogondogo na maduka ya mtandaoni, na kila mmoja akijimegea chake njiani. Mteja alikutana na mdomo wa mwisho tu, na mdomo huo ulikuwa wa Kasuku.

Kifurushi kilichotoka sana msimu ule kiliitwa Alasiri na Bibi. Wageni walipelekwa nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ya watu wa kawaida, wakaketi na mwanamke mzee. Maelezo yalikuja mafupi, Kasuku akayapaka sukari. "Hapo ndipo utakapoona maisha yenyewe," aliwaambia wateja. "Utatoka umepata nyanya wa pili."

Asubuhi moja mgeni ambaye Kasuku alimuuzia matembezi hayo juzi yake alirudi kulalamika. Alikuwa mama wa makamo, mstaarabu, asiyetaka kumkera mtu.

"Bibi mwenyewe hakuwa mchangamfu," alisema taratibu. "Na ule mguu mngetuambia mapema. Binti yangu ameshindwa kula."

"Mguu gani, mama?"

Mgeni akamsogezea simu. Kasuku aliona kwanza pazia la maua, akajua ushonaji wake mwenyewe. Halafu akaona kitanda, na juu ya kitanda bibi yake, mama mzaa mama, gauni limepandishwa hadi gotini, kidonda kiko wazi, na watu watatu wameinama kukitazama. Mmoja alikuwa anatabasamu kuelekea kamera.

Kasuku alikimbilia msalani, akatapika, akasukutua, akatapika tena. Kilichomchefua si kidonda. Kidonda alikuwa anakisafisha mwenyewe kila Jumapili alipokwenda kumwona bibi. Kilichomchefua ni yale maneno, nyanya wa pili, ambayo bado aliyasikia mdomoni mwake kama nyama iliyochacha.

Hakurudi kwenye meza yake. Alichukua pikipiki hadi kwa mjomba wake, kaka wa marehemu mama yake, aliyekuwa anakaa na bibi. Alimkuta bibi peke yake chumbani, mguu juu ya mto, bandeji imefunguliwa na kukunjwa vizuri pembeni. Inzi wawili walikuwa wanazunguka.

"Nani amekufungua, bibi?"

"Mjomba wako. Leo madaktari wanakuja."

"Madaktari gani?"

"Hao wa nje anaoniletea. Wapole sana, mjukuu wangu. Wanaangalia, wanapiga picha wakapime huko kwao. Ila dawa ndiyo hawajaleta. Nikasema labda ugonjwa wangu umewashinda."

Kasuku alifunga bandeji. Gari likaingia uani. Mjomba alishuka amevaa shati lililonyooshwa, manukato yanamtangulia, na nyuma yake dereva na wageni wanne wenye kamera. Kasuku alitoka, akavuta mlango, akausimamia.

"Mjomba, umemwambia bibi hawa ni madaktari?"

"Punguza sauti." Mjomba alicheka kidogo kwa ajili ya wageni. "Kwani namchuna ngozi? Wanakaa, wanaangalia, wanaondoka. Mtu mzima akikaa peke yake anachoka."

"Na kumfungua kidonda?"

"Bila kile wanaona ni mzee tu. Wazee wanao hata kwao." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Kisha akamsogelea sikioni. "Nawe usijifanye mtakatifu. Dereva ameniambia kuna binti pale ofisini anaisifia mpaka watu wanagombania nafasi. Nikajua tu ni wewe. Nikasema, damu yangu hiyo."

Alikuwa na pumzi ya karafuu. Kasuku alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango. Akawageukia wageni, akawaambia kwa lugha yao kwamba mwanamke aliye ndani ni mgonjwa, na amedanganywa kuwa wao ni madaktari. Mzee mmoja alivua kofia, akarudi garini. Wengine wakamfuata, isipokuwa kijana aliyeuliza kama anaweza kupiga picha ya nje angalau.

Siku hiyohiyo Kasuku alimhamishia bibi kwake, akampeleka zahanati. Muuguzi alipoinama kwenye mguu, bibi aliuliza kama naye ni wa kuangalia tu. Ndipo Kasuku akamweleza yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Akavuta shuka, akaufunika mguu hadi vidoleni.

"Kumbe nilikuwa nawavulia watu nguo," alisema.

Hakumruhusu muuguzi auguse mpaka jioni.

Kesho yake Kasuku alimwomba meneja aifute ile bidhaa. Meneja alikuna shingo. "Si yetu, mwanangu. Tumepewa tuuze. Hata tukiiondoa hapa, iko kila mahali." Muuzaji wa jumla akasema kwa simu kwamba yeye anaamini anacholetewa na dereva. Dereva akasema yeye ni usukani tu, aulizwe mwenye nyumba. Kila mmoja alikuwa na sauti safi kabisa.

Wiki iliyofuata bidhaa ilikuwa ingali kwenye kompyuta, na picha mpya. Bibi mwingine, kipofu, kwenye kibaraza ambacho Kasuku alikifahamu. Ni jirani wa mjomba, nyumba ya tatu. Mteja alikuwa ameketi mbele yake anasubiri kusifiwa safari. Kasuku alimwomba radhi, akachukua mkoba wake, akatoka, na meneja akimwita nyuma.

Huko kwa jirani alimkuta mkaza mwana wa yule kipofu anafua. Yeye alikuwa ameambiwa wageni ni watu wa kanisa, wanaokuja kumwombea mama mkwe wake macho. Kasuku alipomaliza kusema, mwanamke yule aliendelea kufua shati moja, akalikamua kwa nguvu mpaka likakauka, akatema mate chini.

"Leo wanakuja saa ngapi?" Kasuku aliuliza.

"Saa kumi."

Mkaza mwana akaenda kufunga geti kwa komeo na kufuli, akamwingiza mama mkwe wake ndani. Gari lilipofika, dereva akapiga honi, mjomba akaita majina yote mazuri aliyoyajua. Wanawake wawili walikaa jikoni wakimsikiliza.