Anayeonja Kwanza

Kwetu Kitahana mtu hakupi kinywaji kabla hajakionja mwenyewe mbele ya macho yako. Anapiga funda moja, anafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja, ndipo anakunyooshea. Ni namna ya kukuambia kwamba ndani hamna kibaya. Shangazi yangu Niyibizi alinilea hivyo, na mimi sikuwahi kulifikiria jambo hilo zaidi ya ninavyofikiria kufunga kanga, mpaka mwisho wa mwaka 2012, Kibondo mjini, kwenye jimu ya Brighton.

Brighton alikuja kutoka Mbeya na vyuma vyake, spika kubwa na mabango ya watu wenye viuno vyembamba. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha michezo mwaka huohuo. Aliniajiri niwafundishe wanawake, yeye akabaki na wanaume. Nilikuwa na haya sana. Niliongea chini kiasi kwamba wanawake walilazimika kusogea ili wanisikie, na wakishasogea walianza kunieleza habari za magoti yao, migongo yao na uzazi wao. Baada ya muda wakaanza kuniuliza kama ningeweza kuwafundisha majumbani kwao, mmoja mmoja. Niliwaambia lazima nimwombe bosi kwanza. Sikujua kwamba ameshasikia.

Siku ya sherehe ya jimu kutimiza mwaka nilileta jagi la maji ya ndizi mbivu, yaliyokamuliwa asubuhi ileile na shangazi. Nilimimina kikombe, nikaonja, nikafuta ukingo, nikampa Brighton wa kwanza kwa sababu ndiye mwenye nyumba.

Alikipokea. Akakiangalia. Halafu akakimwaga sakafuni, taratibu, mbele ya watu wote.

"Samahani, dada," akasema. "Mimi nina familia."

Watu walicheka kwa kuwa walidhani ni utani. Akazima muziki ili wasikie vizuri. "Kwani hamuoni anavyokauka? Na shangazi yake si ndiye anayepanga foleni ya dawa kule hospitali? Mnataka awaingie majumbani?"

Habari ya shangazi nilimweleza mimi, nilipomwomba ruhusa ya kumsindikiza kliniki. Hakuna mwingine aliyekuwa anajua.

Hakuna aliyegusa lile jagi tena. Kuruthumu, muuza vitenge wa sokoni ambaye nilikuwa nimemtibu bega lake kwa mazoezi, alisogeza kiti chake nyuma. Nilibeba jagi hadi nyumbani likiwa limejaa, nikitembea polepole lisimwagike, kana kwamba kulikuwa na mtu bado anayelihitaji.

"Mbona hawakunywa?" shangazi akauliza.

"Walikuwa wameshiba."

Kesho yake alipewa ukweli kisimani.

Nesi mmoja alinishauri nipime, kisha niwaonyeshe watu cheti. Nilipima. Sikuwa na virusi. Cheti sikumwonyesha mtu, kwa sababu ningekionyesha ningekuwa nimesema kwamba mwenye ugonjwa anastahili kumwagiwa kikombe chake, ila mimi tu nimeonewa. Na mwenye ugonjwa ndiye aliyenibeba mgongoni nilipofiwa na mama.

Kwa hiyo niliapa. Sikuapa kwa Mungu, maana Mungu angenikataza. Niliapa kwa lile jagi: kwamba Brighton atakosa watu wa kuwafundisha, mmoja baada ya mwingine, na siku moja atasimama mbele ya walewale waliocheka, akikiangalia kikombe.

*

Tulihamia Kasulu, mimi na shangazi, ambako hatukujulikana. Nilianza na mwanamke mmoja, Zuleha, mke wa Athuman mwenye duka la nafaka. Mgongo wake ulikuwa unamuuma hadi hawezi kuinua hata debe. Alikuwa amesikia habari za mazoezi akayaogopa.

"Mimi sitaki kukonda, mwalimu," akaniambia kabla hata sijakaa. "Nikikonda hapa mjini, utasikia wanavyonizika."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Huku kwetu mtu akikonda haulizwi anakula nini. Anaangaliwa tu, kisha watu wanaangaliana. Nilikumbuka wanawake wa jimu ya Brighton walioacha kuja mara nguo zao zilipoanza kulegea, na yeye akilalamika kwamba watu wa huku ni wavivu. Mabango yake ya viuno vyembamba yalikuwa yanawafukuza wateja wake, na hakuwa na habari.

"Sitakukondesha," nikamwambia. "Nitakufanya ubebe. Nionyeshe mzigo unaokushinda humu ndani."

Akanionyesha gunia la maharage.

Tulifanya kazi uani, geti limefungwa, hamna mwanamume hata wa kuleta maji. Kwanza tulijifunza kuinama. Halafu kusimama. Halafu debe nusu, debe zima, na wiki zikapita. Siku alipoliinua gunia na kulitua juu ya mizani, mumewe alikuwa mlangoni. Athuman aliliangalia gunia, akamwangalia mkewe, akawageukia wachukuzi waliokuwa wamekaa barazani.

"Haya, jamani," akasema. "Tafuteni kazi nyingine."

Wachukuzi waliangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichonitangaza. Zuleha alinipeleka kwa shemeji yake, shemeji akanipeleka kwa mwalimu wa sekondari kutoka Tanga, mwalimu akanipeleka kwa manesi. Kila mmoja nilimwanzia palepale: nionyeshe mzigo unaokushinda. Kwa huyu ulikuwa ndoo ya maji, kwa yule mtoto mzito asiyetembea, kwa mama mmoja wa Kagerankanda ulikuwa mkungu wa ndizi, alioudondosha shambani mbele ya mkwe wake. Sikumpima mtu kiuno. Nilienda kwao, nilifunga geti, niliongea chini.

Walidhani mimi ni mpole. Ni kweli ni mpole. Naweza kulia kwa kuona kuku amevunjika mguu. Lakini niliamka kabla ya adhana kila siku, nikapita mvua na vumbi jekundu la barabara ile, wala si upole ulioniamsha. Kila mwanamke aliyeniita mwalimu, nilimwona Brighton akipungukiwa.

Shangazi naye alibadilika, kwa njia yake. Huko Kasulu hakumficha mtu tena.

"Siri yangu ilimwagika na maji yako ya ndizi," aliniambia. "Sasa niiname nikaizoe?"

Mtu akimuuliza, alijibu. Alikuja kwenye mazoezi ya Jumamosi niliyowakusanyia wote, yaliyoanza kwa uji, aliinua mawe yake, na ilipofika zamu yake ya kuonja uji alionja. Mwanzoni wengine walisita. Zuleha alikuwa wa kwanza kupokea, akanywa, akasema uji hauna chumvi, mjadala ukahamia kwenye chumvi.

*

Mwaka 2014 nilirudi Kibondo. Nilimwachia Yusta, niliyemfundisha mwenyewe, wateja wa Kasulu. Nilikodi ghala la zamani lenye ua mpana, mtaa mmoja na Brighton. Niliuchagua mtaa huo makusudi.

Wateja wake niliwajua: nani ana goti bovu, nani anaona haya kupumua kwa nguvu mbele ya wanaume. Nilituma salamu nyumba kwa nyumba. Wa kwanza kuja alikuwa Kuruthumu, bega lake limemrudia.

"Mwalimu, umenisamehe?"

"Kunja magoti."

"Nimeuliza, umenisamehe?"

"Chini zaidi."

"Yallah! Huyu hajanisamehe," akawaambia wenzake, jasho likimtiririka, na wakacheka. Lakini kesho yake akaja tena, na akaja na dada yake.

Mwaka uliofuata wakimbizi walianza kuvuka kutoka Burundi na mji ukajaa magari meupe ya mashirika. Wafanyakazi wa mashirika walikwenda kwa Brighton. Walipenda vyuma na muziki. Nilidhani amenusurika. Halafu Brighton akaanza kukonda.

Mashavu yalitangulia. Baadaye zile fulana zake za kubana zikaanza kumpwaya. Mabosi wa magari meupe hawakujali, ila walihamishwa hovyo, na watu wa mjini waliobaki walianza kufuta vyuma kabla ya kuvishika, kisha wakaacha kuvishika.

"Wanasema ameukwaa," Kuruthumu akaniambia, tukiwa uani. "Wewe ulikuwa naye karibu, mwalimu. Ni kweli?"

Wanawake wote waligeuka kunisikiliza. Ingetosha nigune tu. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Hata kama anao," nikasema, "ndio umwogope?"

Wakaangalia chini. Silaha hiyo ilikuwa ya Brighton. Sikutaka kuishika hata kwa kumpiga yeye. Lakini pia sikumtetea.

Alikuja mwenyewe, alasiri moja, ua ukiwa mtupu. Alisimama getini kama mtu anayeuliza njia.

"Ni sukari, Valeria. Daktari kaniambia. Sukari tupu, naapa."

"Pole."

"Waambie basi. Wewe wanakusikia. Niingize kwenye mazoezi ya Jumamosi, wanione, ninywe uji pamoja nanyi. Hapo mji utanyamaza." Akajaribu kucheka. "Si unajua watu wa huku, dada? Noma."

"Mimi ni mtu wa huku."

Akakuna shingo. "Ile siku... ilikuwa biashara tu. Ulikuwa unanichukulia wateja."

"Sikuwa nimechukua hata mmoja."

"Sasa umewachukua wote."

"Ndiyo," nikasema, na neno hilo lilikuwa tamu mdomoni.

Angegeuka aondoke, lakini hakuwa na pa kwenda. Jimu yake ilikuwa imefungwa tangu asubuhi. Nilimwona akiangalia mkeka, mawe, magunia, mambo yasiyong'aa hata kidogo yaliyommaliza.

"Njoo Jumamosi," nikamwambia. "Atakayeonja ni shangazi."

Alielewa mara moja.

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya walewale."

*

Uji niliupika mwenyewe, wa ulezi, mwembamba. Sikutia sukari. Chuki yangu haikufika huko.

Ua ulijaa. Habari ilikuwa imetembea, na hata wasiokuwa wateja wangu walikuja wakasema wanataka kujiandikisha. Kwetu uji hunywewa kwanza, kisha ndipo mazoezi. Brighton alisimama katikati na suti yake ya michezo iliyompwaya. Hakuna mwanamume aliyewahi kuingia ua ule saa za mazoezi, kwa hiyo niliwaomba wanawake ruhusa, na walinipa kwa haraka iliyonitisha kidogo.

Shangazi Niyibizi alimimina. Alipiga funda moja, si dogo. Akafuta ukingo kwa kiganja. Akanyoosha kikombe kwa mikono miwili, kama anavyomnyooshea mgeni yeyote.

Brighton alijua. Kila mtu pale alijua. Manesi wamelisema kila kliniki kwamba ugonjwa ule haukai kwenye kikombe. Alilijua hata siku ile alipomwaga. Lakini mtu anaweza kujua jambo na mkono wake usijue. Mkono wa Brighton ulinyanyuka, ukafika nusu, ukasimama.

"Mkono wangu unachoka, mwanangu," shangazi akasema.

"Kaka, uji unapoa," Kuruthumu akaita kutoka nyuma. "Au una familia?"

Kicheko kilipasuka. Hakikuwa kama kile cha kwanza. Safari hii walijua wanachokicheka. Brighton aligeuka kunitazama, akitaka niseme neno. Nina sauti ndogo, lakini ingetosha. Sikuitoa.

Kuruthumu alipita katikati ya watu, akakipokea kikombe kutoka mikononi mwa shangazi, akanywa mpaka nusu. "Lete huku tunywe sisi tusio na familia," akasema, yeye mwenye watoto wa kujaza benchi. Akampa dada yake. Dada akanywa, akamimina, akampa jirani. Kikombe kilizunguka ua mzima, na kila aliyekipokea alimwangalia Brighton kabla ya kunywa. Jagi liliinamishwa, likainamishwa tena. Kilipomfikia Brighton, alikidaka kwa pupa, kwa mikono yote miwili, akakipeleka mdomoni.

Kilikuwa kikavu.

"Nilikuwa nataka kunywa," akasema. Sauti yake ilikuwa chini kuliko yangu. "Nilikuwa nakunywa sasa hivi."

"Najua," shangazi akamjibu, bila ubaya wowote.

Nililichukua jagi, nikaligeuza juu chini mbele yake. Tone moja lilianguka kwenye udongo.

"Umeisha," nikasema.

Uso ule niliungoja miaka mitatu. Watu wengi wamewahi kuniambia kwamba siku ya namna hiyo ikifika, moyo laini hugeuza macho kando. Wangu haukugeuka. Niliutazama uso wake mpaka nikashiba, kisha nikapiga makofi, na wanawake wakajipanga.

"Vua viatu," nikamwambia. "Mstari wa nyuma."

Alivua. Akasimama nyuma ya wote na kikombe bado mkononi, kwa sababu hakuna aliyekipokea.

"Na wiki ijayo?" akauliza.

"Wiki ijayo pia anaonja shangazi. Kunja magoti."